Uzito Umerudi: Namna ya Kuupunguza Tena na Kuuzuia Usirudi

Ujumbe ninaoupata kuliko mwingine wowote unafanana hivi: "Nilipungua kilo 15, zimerudi 17, kesho naanza tena ile dayati iliyonisaidia." Hapo ndipo wengi wanapoangukia mara ya pili na ya tatu. Dayati ile ilikupunguza, ni kweli, lakini ilikuwa na tarehe ya mwisho: sendofu, harusi, Iddi, siku 30 za shindano la kazini. Tarehe ilipopita ukarudi kwenye sahani yako ya zamani, na mwili mwepesi hauhitaji sahani ya mwili mzito.

Usijilaumu kwa hilo. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliokuwa wamekula chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni zinazoleta njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi katika hali yake ya mwanzo, na watu wale walikuwa bado wanasikia njaa zaidi ya walivyoisikia kabla ya kuanza. Kwa hiyo ile njaa iliyokusumbua miezi baada ya kupungua ilikuwa ya kweli. Haikuwa ulafi.

Nami nimepita humo. Nilishuka kutoka kilo 96 hadi 79 ndani ya miezi mitano kwa supu ya mboga na kukataa ugali kabisa. Miaka miwili baadaye mizani ilisoma 98. Awamu iliyofuata nilitumia mwaka mzima kushuka hadi 85, na huu ni mwaka wa nne niko hapo hapo. Nilichofanya ndicho nilichokiandika hapa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mizani yako mwenyewe ya kukanyagia. Ile ya kulipia stendi au ya duka la dawa haitoshi. Kila mizani ina kosa lake, na wewe utahitaji kulinganisha siku na siku kwenye mizani ile ile.
- Futi ya fundi cherehani ya kupimia kiuno.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa, ila daftari lililofungwa kamba na kutundikwa karibu na mizani halisahauliki.
- Kikombe kimoja, kijiko kimoja cha chakula na kijiko kimoja cha chai, ambavyo havitabadilishwa mpaka mwisho.
- Chupa ya lita moja ya mafuta ya kula, uiandike tarehe uliyoifungua.
- Viatu visivyobana, vya kutembelea.

Huhitaji mkanda wa kubana tumbo wala chai za kupunguza kitambi. Nyingi ya chai hizo zina sena, dawa ya kuharisha. Mizani hushuka siku mbili kwa sababu umepoteza maji na kinyesi, lakini mafuta yako hayajaguswa. Ukizinywa kwa muda mrefu, kuharisha kunaweza kushusha potasiamu mwilini, na hilo ni hatari kwa moyo.

## Nani aonane na daktari kwanza

Mjamzito na anayenyonyesha wasianze bila ushauri. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake: chakula kikipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka ghafla hadi ukazimia. Anayemeza dawa za presha naye aseme, maana uzito ukishuka dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Na kama umewahi kujitapisha baada ya kula, mwongozo huu si wako kwa sasa. Tafuta mtaalamu wa afya ya akili.

Angalia pia dawa unazotumia. Predinisoloni (dawa ya steroidi), sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na ARV zenye dolutegravir zinaweza kuongeza uzito. Usiache dawa hata moja kwa sababu hiyo. Uliza tu, ili ujue unashindana na nini.

Uzito ukipanda kilo mbili au tatu ndani ya siku chache, miguu ikavimba, au pumzi ikabana ukilala chali, hayo si mafuta bali ni maji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 1: Jipime siku 7 bila kubadili chochote

Panda mizani kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu. Juu ya zulia hudanganya. Andika namba. Siku ya saba jumlisha zote, gawa kwa saba. Huo wastani ndio uzito wako wa kuanzia.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba mwili hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kwa chumvi, hedhi, choo na wali wa jana usiku. Anayejipima mara moja kwa wiki huweza kuangukia siku mbaya, akakata tamaa, kumbe wastani wake unashuka vizuri.

Pima na kiuno. Futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, utoe pumzi kawaida, usivute tumbo. Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume 94, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda. Kiuno kitakufaa sana baadaye, wiki ambazo mizani imegoma na suruali inalegea.

Wiki hii usibane chakula. Ninajua hamu ya kuanza kesho ilivyo kali, lakini ukibana sasa hutajua ulikuwa unaishije.

## Hatua ya 2: Tafuta mlango ambao uzito uliingilia

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Chukua ukurasa mzima wa daftari. Andika mwezi ambao uzito wako ulikuwa chini kabisa, kisha mwezi uliogundua kuwa umerudi. Katikati ya hapo jibu swali moja: *kitu gani kilikoma kwanza?*

Usijibu "niliacha dayati." Tafuta jambo lenyewe. Mama mmoja niliyekaa naye alisisitiza kwamba hakubadili chochote. Tulipopitia miezi yake mmoja mmoja tukakuta mawili. Mume alinunua gari, hivyo ule mwendo wa dakika 20 hadi kituo cha daladala, kwenda na kurudi, ukaisha. Na mtoto wa mwisho alianza kula mezani, naye mama akawa anamalizia sahani yake kila siku ili chakula kisitupwe. Hakuna hata siku moja aliyokula "vibaya".

Milango mingine ninayoikuta mara kwa mara: kuacha kupanda mizani baada ya wiki moja mbaya, zamu za usiku, kuhamia mkoa ambako hujui mtu na chipsi mayai ziko mlangoni, msiba, kuonja onja jikoni, Ijumaa jioni hadi Jumapili ambazo hazikuwahi kuwa kwenye hesabu.

Umefaulu hatua hii ukiwa na sentensi mbili au tatu zenye vitendo, si lawama. Kwa mfano: "Niliacha kutembea kwenda kituoni. Namalizia chakula cha mtoto." Utakapofika mwisho wa mwongozo, milango hiyo ndiyo utakayoilinda.

## Hatua ya 3: Lengo la kwanza liwe asilimia 5

Sahau kwa sasa kilo ulizokuwa nazo ulipooa au ulipomaliza chuo. Mwenye kilo 90, lengo lake la kwanza ni kupunguza kilo 4 na nusu. Basi. Mwendo uwe nusu kilo kwa wiki, au pungufu ya hapo.

Je, kidogo hivyo kina faida? Kina, tena kubwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari, ulikuwa na kundi lililopewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kisukari kwao kilipungua kwa asilimia 58 kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na hili ndilo ninalotaka ulishike wewe ambaye kilo zako zimerudi: waliofuatiliwa hadi kufikia miaka 10 walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, lakini kisukari bado kilikuwa chini kwa asilimia 34. Kupungua kwako kwa mwanzo hakukupotea bure.

## Hatua ya 4: Rekebisha jiko, si orodha ya vyakula

Mara iliyopita uliletewa orodha: kula hiki, usile kile. Safari hii chakula kinabaki cha nyumbani kwenu. Tunabadili vipimo, kwa mpangilio huu.

Mafuta kwanza. Lita moja ya mafuta ya kula ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu wanne inayomaliza lita kwa wiki, kila mmoja anameza karibu kalori 290 kwa siku za mafuta ya kupikia peke yake, kabla hajanunua sambusa wala bajia nje. Angalia tarehe uliyoiandika kwenye chupa. Kazi yako ni kuifanya lita hiyo iende wiki mbili, yaani kijiko kimoja cha chakula hivi kwa kila mtu kwa siku nzima.

Usimimine kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko. Kaanga kitunguu kwa mafuta machache, na kikianza kushika sufuria tia nyanya au maji kidogo kidogo badala ya kuongeza mafuta. Tui zito la nazi nalo ni mafuta: siku ya kisamvu au samaki wa nazi, usiunge kwa mafuta mengine. Chapati nzito ya kusukuma inaweza kufika kalori 300, kwa hiyo supu na chapati mbili asubuhi si kifungua kinywa chepesi kama wengi tunavyodhani. Moja inatosha, na supu ienguliwe mafuta ya juu.

Ninaanza na mafuta kwa sababu hayajazi tumbo. Ukiyapunguza nusu, sahani inabaki na ukubwa ule ule na njaa haiongezeki sana.

Kisha vinywaji. Soda ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Chai tatu za vijiko vitatu vitatu vya mfuto tayari ni gramu 36. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Usiache sukari yote siku moja, maana ndivyo ulivyofanya mara ile.

Halafu unga na mchele. Pima unga, usipime ugali, kwa sababu ugali una maji na kila mpishi ana mkono wake. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Beba kikombe chako hadi dukani kwa Mangi, umwombe akupimie unga unaoingia humo, uandike. Kuanzia hapo unajua nyumba inasonga unga kiasi gani na wewe unakula sehemu gani. Mtu mzima asiyefanya kazi ya suluba anaweza kuanza na ugali wa gramu 100 za unga kwa mlo.

Usiache wanga kabisa. Zile kilo tatu zinazoshuka wiki ya kwanza ukiacha ugali sehemu kubwa ni maji, na hurudi na sahani ya kwanza ya pilau. Kurudi huko ndiko kunakovunja moyo.

Mwisho, jaza nafasi iliyobaki. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, kabichi, kachumbari. Robo iwe protini: kikombe cha maharage, mayai mawili, dagaa waliochemshwa na nyanya, au kipande cha samaki kama kiganja chako. Protini hushibisha kwa muda mrefu na husaidia kulinda misuli unapopungua. Dagaa mkavu, ambaye karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini, hana haja ya kuogelea kwenye mafuta.

Onyo: ukipata kizunguzungu, baridi ya mara kwa mara, nywele kukatika au hedhi kukoma, umebana mno. Ongeza chakula na umwone daktari.

Dalili ya kufaulu ni kwamba familia nzima inakula chungu kimoja, na hakuna mgeni anayegundua kuwa kuna mtu yuko kwenye dayati.

## Hatua ya 5: Tembea, hasa kwa ajili ya baadaye

Chakula ndicho kinachopunguza kwa kiasi kikubwa. Kutembea ndiko kunakozuia kurudi. Marekani kuna daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994. Kati yao, asilimia 90 hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku, na mazoezi yao makubwa ni kutembea.

Saa moja isikutishe. Anza na dakika 15 na uongeze dakika 5 kila wiki. Shuka kituo kimoja kabla, panda ngazi, nenda sokoni kwa miguu. Mwendo uwe wa mtu anayechelewa: unaweza kuongea, huwezi kuimba.

Mara mbili au tatu kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu ya nyumbani: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika mara 10, kusukuma ukuta mara 10, kurudia raundi tatu. Magoti yakiuma, punguza mwendo na uchague njia tambarare.

## Hatua ya 6: Ukifika asilimia 5, simama

Simama kweli. Usiendelee kushuka hata kama unaona unaweza. Kaa hapo wiki 6.

Najua inakera, kwa sababu ndiyo kwanza nguo zimeanza kulegea. Lakini fikiria: kupungua unakujua, umeshakufanya. Kazi iliyokushinda ni ya *kukaa*, nayo hujawahi kuifanyia mazoezi hata wiki moja. Hizi wiki 6 ndizo mazoezi yenyewe.

Ongeza chakula kidogo, mfano nusu kikombe cha wali mchana au parachichi nusu, na uangalie wastani wa siku 7. Ukiendelea kushuka ongeza kidogo tena. Ukipanda zaidi ya kilo moja rudisha nyuma. Umefaulu wastani ukicheza ndani ya kilo moja wiki zote sita. Baada ya hapo, ukitaka, anza asilimia 5 nyingine, kisha simama tena.

Hatua hii inawahusu pia wanaotumia semaglutide, sindano za kupunguza uzito, kwa maelekezo ya daktari. Katika majaribio yaliyoripotiwa mwaka 2022, walioacha sindano walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Usiiache bila mpango, na usinunue sindano kwa watu wa mitandaoni.

## Hatua ya 7: Jiandae kwa maneno ya watu

Kwetu, mtu akinenepa ameambiwa amenawiri. Akipungua ananong'onwa. Nimewaona watu waliorudi kula ili majirani waache kuuliza kama wana UKIMWI au kama mume anawanyanyasa. Jambo hili lina nguvu kuliko chipsi, na halimo kwenye orodha yoyote ya dayati.

Andaa jibu mapema, fupi na la heshima. Shangazi akisema, "Mwanangu, mbona umeisha hivyo, unaumwa?" jibu: "Shikamoo shangazi. Siumwi, nimepima, presha yangu ilikuwa juu na sasa inashuka." Neno presha hunyamazisha maswali, kwa sababu kila ukoo una mtu iliyemlaza. Mama mkwe akikuongezea wali, usiseme uko kwenye dayati. Kula polepole, acha kilichozidi, msifu mkono wake, omba ufungiwe kidogo uende nacho.

Kwa mwezi wa Ramadhani, usiweke lengo la kupungua. Weka lengo la kukaa pale pale. Futuru kwa tende na maji, swali, ndipo urudi kwenye uji na futari, na vya kukaanga viwe aina moja tu kwa jioni. Harusini, kula sahani moja, kaa mbali na meza ya chakula.

Ila kama unapungua *bila* kukusudia, na una kikohozi, homa za jioni au kiu isiyoisha, shangazi ana haki ya kuuliza. Nenda kapime.

## Hatua ya 8: Chora mstari mwekundu

Ukurasa wa mwisho wa daftari andika wastani wako wa wiki 6. Ongeza kilo 2. Namba hiyo izungushie kalamu nyekundu.

Mwaka 2006, utafiti uliofanywa Marekani kwa miezi 18 na watu 314 waliokuwa wamepungua tayari uliwafundisha kujipima kila siku na kuchukua hatua wakipanda kidogo tu, kilo 2.3 hivi. Katika kundi lililokutana ana kwa ana, waliorudisha kiasi hicho au zaidi walikuwa asilimia 46 hivi. Katika kundi lililotumiwa vijarida tu walikuwa asilimia 72. Kilo 2 hutoka ndani ya wiki chache. Kilo 17 zinahitaji mwaka na moyo ambao huenda huna tena.

Wastani wa siku 7 ukigusa mstari mwekundu, fanya yafuatayo siku hiyo hiyo, bila kusubiri Jumatatu:

1. Fungua ukurasa wa Hatua ya 2. Ni mlango gani umefunguka?
2. Fungua chupa mpya ya mafuta na uandike tarehe.
3. Ondoa kile ulichoongeza kwenye wiki 6 za kusimama.
4. Ongeza dakika 15 za kutembea kila siku.
5. Mwambie mtu mmoja nyumbani kwamba uko kwenye mstari. Mmoja tu, asiyecheka.

Endelea hivyo mpaka wastani ushuke chini ya mstari kwa wiki mbili mfululizo, kisha rudisha chakula chako cha kawaida. Ukipita wiki 6 bado uko juu ya mstari, beba daftari lako hadi kituo cha afya, uombe upimwe sukari, presha na tezi ya shingo. Namba ulizoandika zitamsaidia daktari kuona uzito ulivyopanda na ulianza lini.